Kitabu Kibaya Hurefusha Mkeka

Wifi yangu Taraivini hajui kusuka mkeka. Nalisema wazi, na mwenyewe yupo, akitaka akasirike. Ameolewa na kaka yangu Apakuki miaka thelathini na moja sasa, amezaa watoto wanne hapa Vunivesi, kisiwani kwetu Pasifiki, amemzika mama mkwe, na mpaka leo ukimpa majani ya mkadi umwambie asuke, atakutolea kitu ambacho hata kuku hakubali kutagia. Kwao ni bara, juu milimani mto unakoanzia, na watu wa huko wanajua mianzi na kamba wa mtoni, basi. Sisi wa pwani ni watani wao tangu enzi za mababu, kwa hiyo kumcheka si dhambi. Ni wajibu.

Lakini mwanamke asiyesuka, hapa kwetu, akae wapi? Mkeka ndiyo harusi, mkeka ndiyo msiba, mtoto akizaliwa anapokelewa juu ya mkeka. Kila Jumatano wanawake wote tunakaa sakafuni katika ukumbi wa kanisa tangu asubuhi, miguu tumekunja, majani mbele yetu. Miaka yake ya mwanzo Taraivini alikuwa mtu wa jikoni. Anachemsha chai ya majani ya mlimau, anakaanga maandazi, anaingia na sinia, anatoka. Anaingia, anatoka. Hakuna aliyemfukuza, ila hapakuwa na mahali pake pa kukaa. Nilikuwa naliona hilo na sikusema kitu, na mimi ndiye wifi yake. Hilo liko baina yangu na Mungu wangu.

Vitabu ndivyo vilivyomwokoa. Miezi ya baridi mashua za matanga za wageni hutia nanga katika ghuba yetu ya mawe mawili meusi, na wenyewe wakiondoka huacha dukani kwa Sakiusa vitabu walivyomaliza kusoma, wapate nafasi ya kupakia ndizi. Karibu vyote ni vya safari. Kwa nini mtu aliye safarini asome safari ya mwenzake, sijui. Mimi nikila siangalii mtu mwingine anavyokula. Taraivini alifika kidato cha sita na Kiingereza chake kimenyooka, akawa anavichukua. Siku moja mvua inanyesha, redio ya ukumbini imekufa, sote tumenuna. Akasimama mlangoni na sinia lake, akasema, "Niwasomee?"

Tukamgeukia Bubu Makereta. Sisi bibi tunamwita bubu, na kama yupo bubu duniani aliyejaaliwa mdomo, basi ni huyu, mkuu wetu wa mikeka. Bubu akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Soma," akasema. "Lakini kaa chini. Umesimama hapo kama polisi kaja kukamata mtu."

Akakaa. Ni miaka kumi na tisa iliyopita, na hajainuka.

Anavyosoma ni hivi: macho yanapita kwenye Kiingereza, mdomo unatoa kwa lugha yetu, papo hapo, bila kukwama. Na sisi tunasuka na kutoa maoni. Tena maoni yetu si ya kubahatisha, yanapimika. Kitabu kikiwa kitamu mikono inasimama yenyewe, unajikuta umeshika jani hewani, mdomo wazi. Kikiwa kibovu mikono inakimbia. Kwa hiyo kila jioni tunapima mkeka kwa shibiri, na hiyo ndiyo hukumu ya kitabu. Yule mama aliyevuka jangwa na ngamia wawili, na ngamia mmoja akafa, alitupa shibiri moja kwa siku nzima. Hakuna aliyemfikia mpaka leo. Yule profesa aliyezunguka makumbusho alitupa shibiri kumi na nne kwa siku, tukamshukuru sana na hatukumrudia.

Kulikuwa na mmoja aliyetembea kwenye barafu, miezi mitatu, vidole vikakatika. Sereima, ambaye hana subira na mtu, akamkatiza msomaji.

"Ngoja kwanza. Anakwenda kumwona nani?"

"Hakuna mtu. Kule hakuna watu," Taraivini akajibu.

"Hakuna watu! Sasa chakula atapewa na nani? Mama yake anajua?"

"Hakuandika habari za mama yake."

"Basi huyo hajasafiri," akasema Bubu. "Huyo kapotea. Funga hicho."

Maana kwetu safari ni watu. Msafiri akifika mahali kitabuni, swali letu la kwanza ni moja tu: kaja na nini mkononi? Hapa mgeni mwenye adabu hufika na mzizi wa kava, ule unaopondwa ukawa kinywaji cha wazee, anauweka mbele yao, ndipo anaitwa mtu. Wasafiri wa vitabuni wengi hufika mikono mitupu. Halafu wakishafika wanasifu. Hapo ndipo ukumbi huwa unaangua kicheko, maana kwetu kusifu kitu cha mtu mara moja ni adabu, mara ya pili ni kuomba, na aliyeombwa hana kinywa cha kukataa. Kwa hiyo msafiri akiandika kwamba mlima ule ni mzuri, ni mzuri ajabu, hajapata kuona mlima mzuri kama ule, sisi sote kwa sauti moja: "Mpeni!"

"Mpeni mlima wake aende!" Sereima anaongezea. "Na kamba ya kuufungia!"

Yaani ukiwasikiliza wanawake wa Vunivesi, dunia nzima imejaa waombaji wenye kalamu.

Sasa mwaka jana, mwezi wa nane, mjukuu wa Bubu alikuwa anaoa binti wa ng'ambo ya ghuba. Tulihitaji mikeka kumi mikubwa yenye matamvua ya sufu ya rangi, na zilibaki wiki tatu. Na kosa lilikuwa letu. Mwezi mzima tulikuwa tumekaa na kitabu cha dada wawili waliozunguka na punda, kitamu mno, tukawa tumesuka mkeka mmoja na robo. Bubu akaja Jumatatu asubuhi, akapima, akapima tena, akavua miwani.

"Sikilizeni. Kuanzia leo tunakaa kila siku. Na mikeka hii isipotimia kumi kabla ya Jumamosi ya harusi, vitabu vyote vinapanda darini, na redio inarudi. Nimesema."

Bubu akisema amesema. Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa ameshika kitabu chake kwa mikono miwili, na macho yake yalikwenda kwenye mlango wa jikoni. Nilijua anachowaza. Vitabu vikipanda darini, yeye anarudi kwenye sinia.

Lakini watu wa milimani si wajinga. Akasema, "Bubu, nipe dakika kumi." Akakimbia nyumbani, akarudi na kitabu kinene, jalada limeng'oka, kurasa zimeliwa na mende. "Hiki nilikianza mara tatu kikanishinda. Ni cha mzungu mmoja, alizunguka Pasifiki na mashua yake mwaka sabini na moja. Anaandika mizigo yake."

"Anaandika mizigo yake na nini?"

"Mizigo yake tu, Bubu."

"Soma," akasema Bubu, macho yakimng'aa.

Loo, kitabu kile! Birika moja, soksi jozi sita, sabuni, kamba ya akiba. Akifika kisiwani analalamikia kitanda, akiondoka anahesabu tena soksi. Tukampa jina Bwana Mizigo. Tulisuka hatujawahi kusuka vile. Shibiri kumi na sita kwa siku! Sereima alisema mikono yake inataka kumaliza mkeka ili masikio yapate kwenda nyumbani. Wiki ya kwanza tukatoa mikeka mitatu. Ya pili, minne. Taraivini alikuwa anasoma anatabasamu, kila soksi inamtoa jasho la furaha, na mimi nikaanza kuamini kwamba mbinu itafaulu.

Alhamisi ya wiki ya harusi tulikuwa na minane iliyokamilika, na miwili inasonga. Asubuhi ile, katikati ya sentensi, wifi yangu akanyamaza. Akakohoa, akaendelea. Birika, soksi, sabuni. Wengine hawakutambua kitu, lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Ukurasa haugeuki. Na birika lilikuwa limepakiwa mara mbili.

Mchana tulipotoka kwenda kula nilimfuata hadi jikoni kwake. Alikuwa anachota majani ya magimbi kwenye tui, hata hajui kama yamewiva.

"Wifi, unatudanganya tangu saa nne. Kuna nini?"

Akafuta mikono. "Amefika hapa."

"Nani?"

"Bwana Mizigo. Amefika Vunivesi. Amekaa siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakupewa jembe?"

Hakucheka. "Amepewa mkeka, Ateca. Amepewa na Makereta."

Nikakaa chini. Hapa lazima niseme kitu ambacho kila mtu kijijini anakijua na hakuna anayekisema mbele ya mwenyewe. Bubu wetu ana jina la pili, Mke wa Baharia. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, amechumbiwa na marehemu Waisale, alikuwa na mkeka wa harusi yake, ameusuka na mama yake miaka miwili. Siku moja akamkabidhi mgeni wa mashua, mgeni akaondoka nao. Watu wakasema alikuwa amempenda mzungu. Yeye alisema neno moja tu, na hakulibadilisha maisha yake yote: "Alisifu mara mbili." Wakamcheka. Amesifuje, na hajui lugha yetu? Na wewe umemwelewaje, na hujui yake? Waisale alimwoa hivyo hivyo, alikuwa mtu mwema. Lakini mama mkwe wake alikataa mpaka kufa kukalia mkeka wowote wa Makereta. Na huyo ndiye msukaji bora aliyewahi kuzaliwa pwani hii.

"Ameandika nini?" nikauliza.

Akanisomea. Nikashika kichwa.

"Nikisoma ukumbini, mikono itasimama," akasema.

"Itasimama."

"Na mikeka haitatimia."

"Haitatimia. Wifi, subiri Jumatatu. Harusi ipite. Kitabu hakikimbii."

Nilimshauri hivyo, sifichi. Nilimwonea huruma yeye. Akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Ana miaka sabini na mbili, Ateca. Mimi nilisimama mlangoni na sinia miaka kumi na miwili, nikingoja mtu mmoja aseme neno moja. Najua siku moja ina urefu gani. Siwezi kumfichia Bubu neno lake."

Majani yakaungua, tukayala hivyo hivyo.

Mchana tuliporudi alikaa mahali pake, akafungua kitabu, akasema, "Bubu, asubuhi niliruka. Naomba msamaha. Sasa nasoma kilichoandikwa." Na akasoma, polepole, kidole juu ya mstari.

Bwana Mizigo aliandika kwamba alifika katika kijiji cha ghuba yenye mawe mawili meusi. Hapo majani ya kwanza yakasimama hewani. Aliandika kwamba alikula katika nyumba ya mjane mmoja mwenye binti, na sakafuni palikuwa na mkeka ambao hakuwahi kuona mfano wake. "Nilikuwa nimejifunza neno moja tu la lugha yao," Taraivini akasoma, "neno vinaka, lenye maana ya zuri. Nikaupapasa mkeka nikasema vinaka. Binti akacheka. Nikaona nimempendeza, nikasema tena vinaka, vinaka, labda mara nne. Binti akaacha kucheka. Asubuhi niliukuta mkeka umekunjwa ndani ya mashua yangu, na yeye amesimama ufukoni na mama yake, mama analia. Hadi leo sijui nilifanya nini. Jina lake aliniambia ni Makereta."

Sereima ndiye aliyetangulia, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mara nne! Mpumbavu mkubwa! Mara nne!"

"Nilisema mbili," akasema Bubu. "Nilisema mbili kwa sababu nilijua nne hamtaniamini."

Ukumbi ukalipuka. Tulicheka, tukalia, tukampiga Bwana Mizigo kwa maneno yote tunayoyajua, tukamshika Bubu mabega. Yeye alikuwa ameinua mkono, anataka kuuliza kitu, na hatumwachi. Mwisho akafoka tukanyamaza.

"Mkeka uko wapi? Ameandika?"

"Ameandika, Bubu," akasema Taraivini, na hapo sauti yake ndipo ilipomshinda. "Anasema aliutandika sebuleni kwa mama yake. Mama yake alikuwa anaukalia kila siku mpaka alipofariki. Na hakumruhusu mtu yeyote kuukanyaga na viatu."

Bubu akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu. "Mama yake alikuwa anaukalia," akasema. Kisha akalia kwa sauti, kama mtoto, na alikuwa anacheka humo humo.

Baada ya hapo msiniulize habari za kusuka. Tulisomewa ukurasa ule mara nne. Ijumaa wakaja wanaume, akaja mchungaji, wakaja wazee waliokuwa vijana mwaka ule na waliolitunga lile jina, na kila mmoja akasomewa, na Bubu alihakikisha wamekaa mbele. Ijumaa jioni tukapima. Mikeka tisa, na wa kumi umefika katikati. Bubu akautazama mkeka nusu, akalitazama rundo la vitabu, kisha akamtazama wifi yangu. Taraivini mwenyewe akavifunga vitabu kwa kamba.

Jumamosi ghuba ilijaa mashua za wakwe. Nguruwe watatu walikuwa ardhini tangu alfajiri, kava inapondwa, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Ilipofika zamu ya mikeka tukaingia nayo mabegani, tukaitandika mmoja juu ya mwingine mbele ya Bi Unaisi, shangazi wa bibi harusi, mwanamke mpana mwenye macho makali. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Kwetu tuliambiwa kumi," akasema. "Au upande huu wa ghuba mnahesabu kwa namna yenu?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kungoja. Bubu akasimama.

"Ni tisa na nusu," akasema. "Na nusu iliyobaki nilimpa mzungu mwaka sabini na moja." Kisha akageuka. "Taraivini! Leta kile kitabu. Kaa hapa mbele. Wasomee."

Akakaa mbele ya koo mbili, akasoma. Wakwe walipofika kwenye vinaka ya pili walishika vinywa. Kwenye ya nne, Bi Unaisi alikuwa amelala ubavu juu ya mikeka yetu tisa, anapiga sakafu kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Tumepokea!" akapiga kelele. "Tumepokea, ni kumi, ni ishirini! Mungu wangu!" Akajifuta uso, akamwangalia wifi yangu. "Na huyu ni nani? Mnaye kila siku?"

"Kila Jumatano," Sereima akadakia. "Ila basi tena. Bubu alisema mikeka isipotimia vitabu vinapanda darini. Na haikutimia."

"Darini! Basi tupeni sisi. Sisi tunasuka Jumanne. Makereta, ndugu yangu, tumekuwa mtu mmoja leo, nakuomba mbele ya wazee wote hawa. Tupe huyu mwanamke."

Ameombwa, tena hadharani, tena na mkwe, siku ya harusi. Nilimwona Taraivini amekumbatia kitabu, amekaa wima kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nikamgeukia Bubu. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akimnyima mtu kitu.

"Unaisi," akasema, "chukua mikeka. Chukua nguruwe wa kwenye banda, wa mwisho. Chukua mjukuu wangu, ndiye huyo, umeshapewa. Huyu hatoki."

"Hatoki?"

"Hatoki. Jumatano ana kazi."